Usikanyage Penye Kung'aa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Kabiria, Valarie Ajwang alikuwa amekwisha kupiga magoti. Hakuwa akisali, ingawa mtu aliyepita mlangoni angeweza kudhani hivyo. Alikuwa akisugua sakafu.

Yeye na mama yake walikaa katika chumba kimoja cha kupanga. Sakafu yake ilikuwa ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, kama vyumba vyote katika ile ploti, lakini wekundu wa kwa Valarie ulikuwa wa namna yake. Majirani walinunua nta ya kopo dukani. Valarie alijitengenezea. Alikusanya vipande vya mishumaa vilivyobaki siku stima zilipopotea, akavikwaruza kwa kijiko mpaka vikawa chengachenga, akavitia katika mkebe pamoja na mafuta ya taa, kisha akauacha mkebe juani juu ya paa la bafu hadi mchanganyiko ulainike. Mama yake alikuwa amempiga marufuku kuuleta mkebe huo karibu na jiko, na hilo Valarie alilishika. Baada ya hapo ilikuwa ni kupaka, kungoja kidogo, na kusugua kwa sweta kuukuu mpaka jasho litoke.

"Niaje, Vale! Leo tunaweza kujiona?" Kui, binti wa jirani, alichungulia mlangoni.

"Njoo ujionee mwenyewe. Lakini vua viatu kwanza!"

Kui alivua viatu, akaingia, akainama na kujitazama meno. "Aki, hii ni kioo," alisema. Valarie alijifanya hakusikia, ila kifua kilimvimba kama andazi katika mafuta. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya Saba, na katika ploti nzima hapakuwa na mtu mzima wala mtoto aliyemshinda kung'arisha sakafu.

Tabia hiyo hakuiokota njiani. Mama yake, Rael, alikuwa mfanyakazi wa usafi katika jumba moja la ghorofa nne kule Kileleshwa, na kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kupitisha kidole kwenye ngazi zake akakiinua kikiwa na vumbi. Kila siku alivaa sare ya buluu iliyopigwa pasi ikakaa sawasawa. Watu wengine huona haya kusema wanafagia. Rael alisema, "Mimi nafagia, na ninajua kufagia."

Jumamosi hiyo ya likizo ya Aprili, Rael alimwambia binti yake waende wote kazini.

"Jumatatu Bi Nyakio anakuja," alisema akifunga kitambaa kichwani. Bi Nyakio ndiye aliyekuwa mwenye jumba hilo na jingine lililokuwa kando yake. "Anataka kumchagua kiongozi wa usafi wa majumba yote mawili. Ni mimi au yule wa jumba la pili."

"Ni wewe, Mama."

"Tutaona. Mungu si Athumani. Leo nataka ngazi zile zimwambie zenyewe."

Valarie alitikisa kichwa kukubali. Kisha, mama yake alipogeuka kutafuta mwavuli, aliuchukua ule mkebe wa nta na lile sweta kuukuu, akavisukuma ndani kabisa ya mkoba wake, chini ya kitabu cha hadithi. Alitaka kumfanyia mama yake jambo la kumshangaza, na kweli alimshangaza.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Anayeijua Kabiria baada ya mvua anajua kwamba njia yake haipitiki kwa haraka. Rael alivaa viatu vya mpira, akaweka vile safi kwenye mfuko wa karatasi, akatangulia.

"Unakumbuka unakanyaga wapi?"

"Pasipong'aa," Valarie alijibu. Wimbo huo aliusikia tangu alipoanza kutembea. Udongo unaong'aa umelainika na utakutupa chini. Udongo uliofifia, wenye kokoto na majani, utakushika mguu. Walipita ukingoni, kokoto kwa kokoto, mpaka barabara ya lami, na hapo Rael akabadilisha viatu.

Jumba la Kileleshwa lilikuwa na ngazi za vigae vyeupe kutoka mlangoni hadi juu. Rael aliosha akianzia ghorofa ya nne akishuka, kwa maji ya moto na sabuni kidogo, akikamua tambara mpaka lisitoe hata tone. Kisha alipiga deki mara ya pili kwa tambara kavu. Valarie alibeba ndoo.

Katika ghorofa ya kwanza mlango ulifunguliwa, akatoka Mzee Waweru, mpangaji aliyekaa pale kuliko wote. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miwani na bakora aliyoibeba zaidi ya kuitegemea.

"Rael, leo umekuja na msaidizi!"

"Ni Valarie wangu, Mzee. Shikamoo yako iko wapi, Valarie?"

"Shikamoo, Guka," Valarie alisema, kama babu anavyoitwa kwa Kikuyu.

"Marahaba. Mko likizo, sivyo? Haya, nieleze kitu kimoja mlichosoma muhula huu."

"Msuguano," Valarie alisema upesi, maana hilo lilikuwa somo alilolipenda. "Mwalimu Kitavi alituambia vitu viwili vikigusana, kila kimoja hukizuia kingine kisiteleze. Ndiyo maana tunaweza kutembea."

Uso wa mzee uliwaka. "Msuguano! Mtoto wangu, huo ndio ulionilisha miaka thelathini na mmoja. Siku nikiwa na nafasi nitakusimulia." Akarudi ndani akicheka peke yake.

Baada ya chakula cha mchana Rael alipanda juu ya paa kufagia majani yaliyoziba mifereji ya maji. Alimwacha Valarie chini na kitabu chake. Valarie hakukifungua. Alizitazama zile ngazi nane za mwisho, zinazotoka ghorofa ya kwanza hadi mlango mkubwa. Ndizo ambazo Bi Nyakio angeziona mwanzo. Zilikuwa safi, hilo halikuwa na shaka, lakini hazikumwonyesha mtu meno yake.

Akautoa mkebe.

Alianza juu akishuka kinyumenyume, kidato baada ya kidato, akipaka na kusugua kwa sweta. Vigae vile havikutaka nguvu nyingi kama saruji ya nyumbani, viling'aa papo hapo. Alipomaliza alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akatazama. Mwanga wa dirisha ulikuwa umelala juu ya kila kidato. Alifikiria uso wa mama yake Jumatatu, akatabasamu hadi masikio.

Saa kumi alasiri Mzee Waweru alitoka kununua gazeti, kama alivyofanya kila siku.

Cha kwanza kushuka kilikuwa bakora. Iligonga vigae, ta-ta-ta, mpaka miguuni pa Valarie. Kisha mzee mwenyewe alifuata, ameketi, akiserereka vidato vitatu, mkono mmoja umekunjika chini yake. Miwani iliruka na kuvunjika kioo kimoja. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Oi," kwa sauti ndogo, na sauti hiyo ilimchoma Valarie kuliko kelele.

"Guka!" Alikimbia kumwendea, na mguu wake mwenyewe ukamponyoka. Ilibidi apande ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili.

Musili, msimamizi wa jumba, alitokea mbio kutoka langoni. Rael alishuka kutoka juu, sare imejaa majani. Walimwinua mzee polepole, wakamketisha kwenye kiti cha mlinzi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuvimba.

Musili alikuwa mtu wa haki, lakini hakuwa mtu wa subira. "Rael, kwani umepaka nini kwa hizi ngazi?"

"Maji na sabuni, Bwana Musili. Kama siku zote."

Musili alipitisha kidole kwenye kigae, akakinusa. "Hii ni mafuta ya taa." Alisema kwa masikitiko zaidi ya hasira. "Miaka tisa sijakushika na uongo hata mmoja. Leo mzee ameumia na unaniambia sabuni?"

Rael aliinama, akagusa kigae, naye akanusa vidole vyake. Harufu ile aliijua, iliamka naye kila Jumamosi. Valarie aliyaona macho ya mama yake yakienda taratibu hadi kwenye mkoba uliokuwa mlangoni, yakatulia hapo kidogo, kisha yakarudi.

"Kazi ya ngazi hizi ni yangu," Rael alisema. "Kosa ni langu."

Valarie alifungua mdomo. Alitaka kusema. Alimwona Musili amekunja uso, akawaona wapangaji wawili waliokuja kutazama, akaona miwani iliyovunjika, na ulimi ukagoma. Akafunga mdomo.

"Basi Jumatatu utamwambia Bi Nyakio mwenyewe," Musili alisema. "Mimi siwezi kuficha. Na sidhani ataweka mtu anayepaka mafuta ya taa kwa ngazi halafu anakana."

Jirani mmoja alimpeleka Mzee Waweru zahanati kwa gari lake. Rael alichemsha maji, akazisugua ngazi nane mara tatu, akikagua kila kidato kwa kiganja. Valarie alisugua kando yake. 

Jioni walipofika Kabiria matope yalikuwa bado hayajakauka. Pale pabaya zaidi, karibu na mtaro, Rael alinyosha mkono nyuma bila kugeuka, kama alivyokuwa akifanya tangu Valarie akiwa mdogo. Valarie akaushika.

"Mama."

"Ndiyo?"

Neno lilifika ncha ya ulimi, likarudi lilikotoka. "Hakuna kitu," Valarie alisema.

Mama yake hakumwuliza tena. Ila mkono ule hakuuachilia mpaka mlangoni.

Jumapili kanisani Rael alisimama mahali pake katika kwaya, akaimba kama kawaida. Valarie ndiye aliyeshindwa kuimba.  Jioni alimwona mama yake akitandaza blanketi juu ya meza na kuanza kuipiga pasi sare ya buluu, kola kwanza, kisha mikono, kisha kila mkunjo wa sketi, polepole, akirudia.

"Mama, kesho si wanaweza kukufukuza?"

"Wanaweza."

"Mbona unaipiga pasi hivyo?"

Rael aliigeuza sare upande wa pili. "Kama wananifukuza, wanifukuze nikiwa nadhifu."

Hapo Valarie hakuweza tena. Machozi yalimtoka yote kwa pamoja, pamoja na maneno: mkebe, sweta, ngazi nane, Bi Nyakio, na jinsi alivyotaka mama yake ashinde. Alisema mpaka akaishiwa pumzi.

Rael aliiweka pasi wima, akaketi. "Najua. Nilinusa."

"Mbona hukusema ni mimi?"

"Wewe ni mwanangu. Singekusukuma mbele ya watu wakutazame kama mwizi." Alimfuta machozi kwa pindo la leso. "Lakini ulimi ni wako, Valarie. Huo siwezi kukusemea."

 Valarie akasema, "Kesho twende wote. Nitasema mwenyewe." Mama yake alimtazama sana, akachukua pasi yake na kuendelea, na Valarie alihisi kama ametuliwa gunia la mahindi mgongoni.

Hata hivyo jambo moja lilimsumbua. Ikiwa nta ni ile ile, kwa nini wao hawakuwahi kuteleza hapa nyumbani? Alimwuliza mama yake, naye akakiri kwamba hajui. Basi Valarie alitoka nje hadi penye nyumba iliyokuwa ikijengwa, akaomba kipande cha kigae kilichotupwa. Alikipaka nta, akapaka pia sehemu ya sakafu, akasugua vyote viwili. Kisha akaweka dole la mguu juu ya kimoja baada ya kingine. Kwenye saruji kidole kilishikwa. Kwenye kigae kiliteleza kama sabuni ya bafuni.

Alikwaruza kigae kwa ukucha, na nta ikatoka yote, nyeupe, chini ya kucha. Aliikwaruza saruji, hakikutoka kitu. Saruji ilikuwa imeinywa. Ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, ikimeza nta na kubaki na ukavu wake juu. Kigae hakikuwa na kiu. Kila kilichopakwa kilibaki juu kikingoja mguu wa mtu, na msuguano ukaondoka. Alikuwa amelijua somo la Mwalimu Kitavi daftarini na kulisahau penye ngazi.

Jumatatu saa tatu, Bi Nyakio alisimama kwenye mlango mkubwa wa jumba lake. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Musili alikuwa kando yake. Mzee Waweru alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlinzi, mkono umefungwa bendeji, kioo cha miwani kimeshikwa kwa utepe. Daktari alisema mfupa haukuvunjika, ni mshipa tu ulioshtuka.

"Rael," Bi Nyakio alianza, "Musili ameniambia. Nataka kusikia kutoka kwako."

Kabla mama yake hajajibu, Valarie alipiga hatua moja mbele.  Aliutoa mkebe mkobani, akauweka sakafuni mbele ya miguu ya watu wazima wote wanne.

"Si Mama. Ni mimi," alisema. "Mama alikuwa juu ya paa. Nilitengeneza hii nta nyumbani, nikapaka ngazi nane ili ukija uzione ziking'aa. Mama alisema ukweli, alitumia maji na sabuni. Na mimi nilinyamaza nikamwacha aitwe mwongo." Akamgeukia Mzee Waweru. "Guka, nisamehe. Nilikuumiza."

 Musili alikuna kichwa, akatazama viatu vyake.

"Mama yako alijua?" Bi Nyakio aliuliza.

"Hakujua mpaka aliponusa."

"Na aliponusa akasema kosa ni lake." Bi Nyakio alimtazama Rael katika sare yake iliyonyooka. "Hata mimi nina watoto. Ningesema hivyo hivyo."

"Rael," Musili alisema, "nilikuita mwongo mbele ya watu. Nisamehe, nilikukosea."

"Yamekwisha, Bwana Musili."

Mzee Waweru aligonga bakora chini. "Binti, mimi niliteleza nikaanguka. Wewe umeteleza tu. Kuteleza si kuanguka, mradi umesimama tena, na naona umesimama. Sasa niambie, mbona hamuanguki kwenu?"

Valarie alishangaa. Ilikuwa kana kwamba mzee alikuwa pale jana jioni. Akaeleza habari za kigae na saruji, za kiu na kucha. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kupata nguvu, hata Bi Nyakio akainama kukigusa kidato kwa kidole.

"Shida ya hizi ngazi si nta tu," Bi Nyakio alisema. "Mvua ikinyesha na watu wakaingia na maji, huwa taabu. Aprili iliyopita nililetewa malalamiko mara tatu. Sijui tufanye nini. Kuvunja vigae vyote siwezi."

"Mchanga," Mzee Waweru alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nilikuwa dereva wa garimoshi. Gurudumu ni chuma, reli ni chuma, na mvua inanyesha mlima wa Limuru. Mabehewa ishirini yako nyuma yako. Mnafanyaje gurudumu likianza kuzunguka papo hapo? Kwenye kichwa cha garimoshi kuna sanduku la mchanga mkavu. Unavuta mpini, mchanga unamwagika mbele ya gurudumu, na gurudumu linaikamata reli. Garimoshi zima linapanda mlima kwa sababu ya kiganja kimoja cha mchanga!" Alicheka. "Ndio huo msuguano ulionilisha."

"Lakini hatuwezi kumwaga mchanga kwa ngazi," Musili alisema. "Rael atafagia mpaka lini?"

"Usimwagwe," Valarie alisema taratibu. Alikuwa akifikiria msasa wa mafundi wa mbao kule Riruta, ile karatasi yenye mchanga uliogandishwa. "Ushikwe na rangi. Mstari mmoja tu ukingoni mwa kila kidato, pale mguu unapokanyaga."

Bi Nyakio alimgeukia Rael. "Wewe ndiye mwenye ngazi. Unasemaje?"

 Rael alipanda vidato viwili, akashuka, akitazama pale soli ya kiatu chake ilipogusa. "Upana wa vidole vitatu," alisema. "Zaidi ya hapo uchafu utajificha. Na mchanga uchekechwe vizuri, usije ukakwaruza watoto. Nitaweza."

"Basi nunueni rangi. Nitarudi Jumamosi, na naomba mvua."

Kazi ilichukua siku tatu. Valarie aliosha mchanga wa mto mara nne, akauanika kwenye karatasi, akauchekecha kwa chujio kuukuu la chai. Rael alipima kila kidato kwa vidole vyake vitatu, akapaka rangi ya kijivu mstari mnyoofu, na kabla haijakauka Valarie akainyunyizia mchanga juu, sawasawa, bila kuacha pengo. Rangi ilipokauka walipiga mkono mwingine wa rangi juu yake. Walifanya nusu ya upana kwanza ili watu wapate pa kupita. Ghorofa nne, vidato hamsini na sita. Jioni ya siku ya tatu magoti yalikuwa yamewachubuka wote wawili, na kila mmoja alimcheka mwenzake kwa namna alivyokuwa akitembea.

Jumamosi mvua haikumvunja moyo mtu aliyeiomba. Ilianza saa nane, karibu iwe ya mawe, na Bi Nyakio alipofika maji yalikuwa yakimtiririka mwavulini. Aliingia na viatu vya visigino, vimelowa tepetepe. Hakushika chuma cha pembeni. Alipanda ngazi nane, akashuka, akapanda tena mpaka ghorofa ya nne. Huko chini walisikiliza visigino vyake, kha, kha, kha, vikishika kila kidato. Valarie alikuwa amefumba macho.

Aliporudi alisema maneno machache tu. "Rael, kuanzia Jumatatu utasimamia majumba yote mawili. Na lile jingine nalo lipate mistari kama hii."

Rael alijibu, "Asante, Bi Nyakio," kwa utulivu, kama mtu aliyeombwa kupitisha chumvi. Lakini Valarie alimjua mama yake. Aliona jinsi mabega yalivyonyooka ndani ya sare ya buluu.

Saa kumi kamili mlango wa ghorofa ya kwanza ulifunguliwa. Mzee Waweru alikuwa na miwani mipya. Alisimama juu ya ngazi, akawatazama wote waliokuwa chini, akaiweka bakora kwapani kama mtu asiyeihitaji, akashuka. Kidato cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, pale pale alipoangukia, akakanyaga mara mbili kwa makusudi. Alipofika chini Musili alipiga makofi, wapangaji waliokuwa wakingoja mvua nao wakapiga.

Mama mmoja mpangaji aliishika ile mistari ya kijivu kwa kidole. "Kazi safi. Fundi ni nani?"

"Ni Rael hapa na msaidizi wake," Musili alijibu.

"Si msaidizi," Rael alisema, akimweka Valarie mbele yake na mikono yote miwili mabegani pake. "Ni binti yangu."

Valarie alikuwa amesifiwa mara nyingi kwa sakafu yake nyekundu, lakini hakuwahi kuhisi fahari ya namna hii. Ile ya zamani ilikuwa ya kutazamwa. Hii ilisimama kwa miguu yake.

Mvua ilikuwa imekatika walipofika Kabiria jioni. Rael alivaa viatu vya mpira, akasimama kwanza kabla ya kuingia njia ya matope.

"Valarie, nataka ukumbuke kitu," alisema. "Kung'aa si dhambi. Mimi mwenyewe napenda kitu kinachong'aa. Lakini kazi haipimwi kwa mng'ao, hupimwa kwa mtu anayepita juu yake akafika salama. Na mtu naye ni vivyo hivyo. Ukweli una mikwaruzo, unauma kuutamka, ila ndio unaomshika mguu asianguke. Uongo ni laini. Unakupeleka haraka, na mwisho wake uliuona."

"Nimeelewa, Mama."

"Najua umeelewa. Jumatatu nilikuona." Rael akasogea pembeni, akamwachia njia. "Haya. Leo tangulia wewe."

Valarie aliitazama njia iliyokuwa ikimetameta mbele yake, akachagua ukingo uliofifia, wenye kokoto na majani, akaweka mguu. Ulishika. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, na nyuma yake alimsikia mama yake akikanyaga pale pale alipokanyaga yeye.